Pauni 45 za Upepo

Kila Julai nyumba yangu ya mashariki mwa London hugeuka gesti. Mwaka huu alitangulia Mama Mkubwa kutoka Tanga, mwanamke wa miaka sabini na ushei ambaye magoti yake hayataki kusikia habari za ngazi. Wiki moja baadaye akafuata mdogo wangu kutoka Nairobi, na mkewe, na watoto wawili: mmoja ana miaka minane, mwingine kumi na mitatu. Chai haijapoa, mabegi bado yako mlangoni, swali likawa lilelile la kila mgeni wangu: lile basi la ghorofa lisilo na paa tunapanda lini?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu moja. Nilisema hilo ni basi la watalii wenye fedha za kuchezea, na kwamba basi jekundu la kawaida linapita palepale kwa nauli isiyofika bei ya kikombe cha chai. Mama Mkubwa hakulikubali. Aliwahi kuuza khanga Ngamiani, kule Tanga, na mtu aliyeuza khanga hasemi kitu ni ghali kabla hajaambiwa anauziwa nini. "Umenitajia bei," alisema. "Bidhaa hujaitaja." Nikachukua kalamu.

Kampuni zinazojulikana zaidi kwa mabasi haya mjini London ni Big Bus, Tootbus na Golden Tours. Tiketi ya siku moja kwa mtu mzima hucheza kati ya £35 na £50, kutegemea msimu, siku ya wiki, na kama umenunua kwenye simu usiku uliotangulia au kwa kijana aliyesimama kando ya njia na kizibao chenye nembo. Kwenye simu huwa nafuu. Mtoto hulipa pungufu, lakini si pungufu ya kufurahisha. Ili hesabu isiyumbe, nitachukua £45 kwa mkubwa na £30 kwa mtoto. Pauni moja ni karibu shilingi 170 za Kenya au 3,300 za Tanzania, kwa hiyo tiketi moja ya mtu mzima ni 7,650 za Kenya, au 148,500 za Tanzania. Mama Mkubwa aliposikia hiyo ya mwisho alinyamaza, kisha akauliza kama chakula kimo. Hakimo.

Upande wa pili liko jekundu. Nauli yake ni £1.75, kiwango kilichowekwa Machi 2023, na ni ileile uwe unakwenda vituo viwili au njia nzima mwanzo hadi mwisho. Ukishagusa kadi unapewa saa nzima ya kupanda mabasi mengine bila kulipa tena, almuradi uguse kwa kadi ileile. Ukilipa mara tatu kwa siku, yaani £5.25, mashine inakuacha: panda utakavyo mpaka saa kumi na nusu alfajiri, siku ya mabasi inapoanza upya. Mtoto aliye chini ya miaka kumi na mmoja halipi kabisa.

Sasa weka familia kwenye mizani. Wakubwa wanne, mimi nikiwemo, na watoto wawili: basi lisilo na paa ni £240. Jekundu, hata tukipanda siku nzima, ni £21 kwa wakubwa, sifuri kwa wa miaka minane, na £5.25 kwa wa miaka kumi na mitatu ikiwa atagusa kadi ya benki kama mtu mzima. Jumla £26.25. Tofauti ni £213 na ushei, shilingi elfu thelathini na sita za Kenya. Kuingia ndani ya Tower of London, ile ngome yenye vito vya taji, ni karibu £35 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Kwa tofauti ile, sote sita tungeingia Tower na bado tungebaki na fedha za chipsi.

Kwa tarakimu peke yake, mjadala umefungwa. Lakini Mama Mkubwa alikuwa bado anasubiri kuambiwa bidhaa.

Tiketi hizi husifiwa kwa jambo moja: unashuka unapotaka, unatazama, unapanda linalofuata. Ndiyo maana bei inahesabiwa kwa siku au kwa saa ishirini na nne, si kwa safari. Mnunuzi anajiona tayari: ameshuka Westminster, ameshuka St Paul's, ameshuka kwenye daraja, amepanda tena kama mfalme anayerudi kwenye gari lake. Nilimchukua Mama Mkubwa peke yake siku ya Jumanne kabla ya wale wa Nairobi kufika, tukapanda karibu na Victoria saa nne asubuhi, na mimi nilikuwa nimeandika orodha ya vituo sita vya kushuka.

Hatukushuka hata kimoja. Kupanda ngazi ya basi kulimchukua Mama Mkubwa dakika nzima, huku dereva mstaarabu akisubiri asiondoe gari, na alipofika juu akakaa kiti cha pili kutoka mbele, akafunga mtandio vizuri, akasema amefika. Hedifoni walizotupa zilikuwa na kitufe cha lugha. Nilikizungusha nikapita Kifaransa, Kijerumani, Kichina na nyingine nisizozijua, Kiswahili sikukiona. Baada ya dakika kumi alizivua akaniwekea mapajani. Tukapita chini ya nguzo ya Nelson, iliyosimama Trafalgar Square tangu 1843, mita 52 hivi kutoka chini mpaka kofia. "Yule nani?" Nikamweleza habari za vita vya baharini. "Na nani humfuta mavi ya njiwa?" Hilo halikuwamo kwenye hedifoni.

Tulipokaribia Tower nilimwambia tushuke. Akanitazama kama mtu anayeombwa ahame nyumba. "Mwanangu, shuka wewe. Utanikuta hapahapa." Nikabaki. Basi likavuka mto, likarudi, likazunguka, na saa mbili na nusu baadaye tukawa tena Victoria. Alikataa kuteremka. Tukazunguka mara ya pili.

Mzunguko huo wa pili ndio ulionifundisha biashara yenyewe. Katika ule wa kwanza, vijana wawili waliokuwa nyuma yetu walishuka St Paul's wakiwa na furaha. Tulipopita tena kituo chao tuliwakuta kwenye foleni, watu kama ishirini mbele yao. Walipanda hilohilo letu, lakini ghorofa ya juu ilikuwa imejaa, wakakaa chini, ndani, nyuma ya vioo vyenye matangazo. Walikuwa wamelipia paa lisilokuwepo na sasa wamekaa chini ya paa. Mabasi haya hupishana kwa dakika kumi hadi ishirini mambo yakienda sawa, na kwenye foleni za magari za katikati ya London mambo mara nyingi hayaendi sawa. Shuka mara tano, ngoja robo saa kila mara, na zaidi ya saa nzima ya tiketi yako imeishia kwenye lami, umeegemea nguzo ya kituo. Na kila ukipanda upya unacheza bahati nasibu ya kiti cha juu.

Mama Mkubwa alikaa juu saa tano. £45 kugawanya kwa tano ni £9 kwa saa. Mtu anayezunguka mara moja, saa mbili na nusu, analipa £18 kwa saa. Anayeshuka shuka, akijumlisha muda aliokaa juu kwa kweli, anaweza kujikuta amelipa £25 au £30 kwa saa ya upepo. Kwa maneno mengine, kile kinachotangazwa kuwa faida kuu ya tiketi ndicho kinachoipandisha bei. Msimamo wangu wa sasa uko hapo: ukinunua la wazi, kaa kitako usishuke, ukitaka kushuka shuka, panda jekundu. Wauzaji hawatakwambia hivyo, maana basi lililojaa watu wasioshuka halina nafasi ya wateja wapya.

Na nakiri kwamba kukaa kule juu kuna kitu. Dirisha la basi la kawaida linakukatia mji vipande. Kule juu kuba la St Paul's linakuja lote, na mawingu yake, na kreni za ujenzi pembeni. Unasikia kengele. Unanusa kahawa, moshi, na karanga za sukari zinazokaangwa darajani. Matawi ya miti yanapita karibu na kichwa mpaka watu wanainama na kucheka pamoja, watu wasiojuana. Mama Mkubwa aliwapungia mkono abiria wa basi jingine nao wakampungia. Kwa mtu ambaye magoti yake hayawezi matembezi, na ambaye stesheni nyingi za treni za chini ya ardhi zinamtaka apande ngazi kwa sababu hazina lifti, saa tano za kutazama mji bila kutembea si anasa. Nililipa £90 kwa sisi wawili na sikuzijutia.

Kilichonisikitisha kilikuwa Westminster Abbey. Hedifoni zilitaja wafalme waliotawazwa pale, harusi, mazishi ya malkia. Basi likapita. Ndani ya kanisa lile, katikati ya sakafu, kuna kaburi la David Livingstone, na hadithi ya jinsi alivyofika pale ni hadithi ya watu wetu. Alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wakauzika moyo wake palepale, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Jacob Wainwright, mmoja wa kundi lile, alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza siku ya mazishi, Aprili 18, 1874. Jiwe lenyewe linataja mikono miaminifu iliyomleta, bila kuyataja majina ya mikono hiyo. Nilimsimulia Mama Mkubwa huku basi likiwa limekwama kwenye foleni ya Parliament Square. Alishawahi kufika Bagamoyo, kwenye mnara wa misheni ambamo mwili ulilazwa. Akanyanyuka nusu kutazama kanisa. Mtu anayelipia sauti ya kuelezwa mji ajue kwamba sauti ile ina yake inayoyajali, na ya kwake huenda akajieleza mwenyewe. Kiingilio cha kanisa ni karibu £30. Wanaoingia kwa ibada hawalipi, ila hao hawaachiwi kutembeatembea wakitazama makaburi.

Wale wa Nairobi walipofika niliwapeleka kwa njia nyingine. Basi namba 26 linaanzia Victoria na kuishia Hackney Wick. Vitabu vya zamani vya wageni, na hata majirani zangu, watakwambia upande 11. Hiyo ilikuwa kweli mpaka Aprili 2023, njia zilipobadilishwa. Sasa 11 linakatia Waterloo, na kazi yake ya kupita Fleet Street imechukuliwa na 26. Tulipanda saa tatu na nusu, wafanyakazi wakiwa wameshaingia maofisini, tukakuta viti vya mbele kabisa ghorofa ya juu vitupu. Hivyo ndivyo viti vya thamani kwenye jekundu: kioo kimoja kikubwa mbele yako na barabara yote chini ya miguu. Mtoto wa miaka minane alijitangaza dereva.

Kulia, mwisho wa Victoria Street, Abbey. Basi likapinda kwenye uwanja wa Bunge, na ule mnara wa saa ukatokea mbele. Jina la mnara ni Elizabeth Tower tangu 2012. Big Ben ni kengele iliyo ndani, jambo ambalo yule wa miaka kumi na mitatu alilijua na akahakikisha sote tunajua kwamba analijua. Kisha Whitehall: kushoto geti la Downing Street, kushoto tena askari wa farasi wasiocheka. Trafalgar Square. Strand. Fleet Street, palipokuwa na magazeti. Halafu kile kilima cha Ludgate, na kuba la St Paul's linapanda juu ya kioo taratibu mpaka linakijaza. Kanisa lile Christopher Wren alilijenga baada ya moto wa 1666 kulimaliza lililotangulia, na kazi ikakamilika 1710. Kaa upande wa kushoto ukienda mashariki, litapita karibu kiasi cha kugusa. Bank, kwenye Benki Kuu ya Uingereza. Tukashuka Liverpool Street.

Dakika hamsini na mbili tangu tuguse kadi. Tukakimbilia 78, tukagusa ndani ya ile saa moja, mashine ikalia mlio wake wa kawaida na haikukata kitu. Basi 78, na 42 vilevile, huvuka Tower Bridge. Kwa hiyo tangu Victoria mpaka ng'ambo ya daraja, vivutio karibu vyote vikubwa ambavyo basi la wazi lilimwonyesha Mama Mkubwa, nauli ya mtu mmoja ilikuwa £1.75. Foleni ingekuwa mbaya zaidi tungelipa £3.50. Tulirudi na 78 hilohilo kutoka upande wa kusini, tukiwa tumekaa kushoto, maana ukielekea kaskazini ngome ya Tower iko kushoto kwako. Tuliteremka tukala mikate yetu kwenye nyasi tukiitazama.

Mambo ambayo jekundu halikupi ni ya kusemwa pia. Hakuna anayekueleza chochote zaidi ya jina la kituo kinachofuata. Vioo huwa na ukungu mvua ikinyesha. Mtu akikaa mbele yako na simu yenye sauti kubwa, ni ya kwako pia. Saa moja na nusu hadi tatu asubuhi, na tena jioni ofisi zinapofungwa, usijaribu kupanda na watoto na mkoba wa chakula. Na lazima mmoja wenu awe na kichwa cha njia: anajua wapi pa kubadilisha, anakodolea macho simu wakati wengine wanatazama mji. Siku ile mtu huyo nilikuwa mimi. Mgeni asiye na mwenyeji atalipa kazi hiyo kwa kitu kingine, kwa muda au kwa ugomvi wa wanandoa kituoni. Kama unaona £45 ni bei ya kutofikiri siku nzima, sitakucheka.

Basi lenye bei isiyo ya kila mtu lina historia, kwa taarifa yako. Basi la kwanza la abiria London, la farasi, liliendeshwa na George Shillibeer Julai 4, 1829, kutoka Paddington mpaka Bank, na nauli ya njia nzima ilikuwa shilingi moja. Aliliita omnibus, neno la Kilatini lenye maana ya "kwa wote", na hapo ndipo tulipopata neno letu basi. Kwa mfanyakazi wa siku zile shilingi haikuwa ya wote hata kidogo.

Sasa mitego. Kwanza, soma kama tiketi yako ni ya siku au ya saa ishirini na nne. Ya siku inakufa jioni ileile hata ukianza saa nane mchana. Ya saa ishirini na nne inahesabiwa tangu ilipogongwa mara ya kwanza, kwa hiyo anayeanza mchana leo ana asubuhi ya kesho pia. Pili, haya mabasi hayakeshi. Mengi hufunga mapema jioni, na wakati wa baridi mapema zaidi. Juni jua la London huzama karibu saa tatu na dakika ishirini usiku. Desemba, karibu na saa kumi jioni limeshazama. Bei ya tiketi haishuki kwa kiasi mwanga unavyopungua. Mgeni wa Desemba anayepanda baada ya chakula cha mchana ananunua saa mbili za mwanga na baridi ya kukata masikio. Huyo apande jekundu lenye joto, au asubiri usiku apande lile la kutazama taa za Krismasi, ambalo huwa na tiketi yake.

Tatu, vifurushi. Ukifika kulipa, simu itakuuliza kama unataka kuongeza boti ya mto Thames, London Eye, Tower, siku ya pili "kwa pauni chache tu". Siku ya pili ndiyo huwa nafuu kweli kwenye karatasi, lakini jiulize kama utarudi kukaa kwenye upepo uleule kesho. Boti huwa imo kwenye baadhi ya tiketi, na kama imo, ipande. Mto ni barabara isiyo na foleni. Vingine hesabu kimoja kimoja. Kifurushi cha vitu vinne kina maana kwa anayevitaka vyote vinne siku ileile, na siku ya London ni fupi kuliko inavyoonekana ukiwa Nairobi na ramani mezani.

Kuna na vivutio vya bure: jumba la makumbusho la British Museum, National Gallery, Tate Modern na lile la viumbe kule South Kensington, hakuna kiingilio kwenye maonyesho yake ya kudumu. Na vina vyoo. Nasema hili kwa uzito: basi la wazi halina choo, jekundu halina choo, na mtu mwenye mtoto wa miaka minane atalikumbuka neno langu kati ya Strand na Fleet Street. Stesheni kubwa za reli, Victoria, Charing Cross na Liverpool Street, hazitozi tena choo.

Kuhusu malipo, basi jekundu halipokei fedha taslimu tangu Julai 2014. Unagusa kadi ya benki isiyohitaji kuchomekwa, au simu, au kadi ya usafiri ya Oyster. Kila mkubwa awe na yake. Kadi moja haiwalipii watu wawili. Na kama umegusa kwa simu asubuhi, endelea na simu, maana mashine huhesabu simu na kadi kuwa vitu viwili hata kama fedha zinatoka akaunti moja, na hapo saa yako ya bure na kikomo chako cha £5.25 vinapotea. Kadi za nyumbani kwa kawaida zinakubaliwa, ila uliza benki yako inakata kiasi gani kwa kila muamala wa nje. Benki inayokata ada kila ukigusa inaweza kuila nafuu yako yote, na hapo Oyster, pamoja na ada ya kadi yenyewe, inakuwa bora. Oyster ndiyo pia inayoweza kuwekewa punguzo la nusu nauli kwa mtoto mgeni wa miaka kumi na mmoja hadi kumi na mitano. Mwombe mfanyakazi wa stesheni aiweke. Wazee waulize kabla ya kufurahi: usafiri wa bure wa waliotimiza miaka sitini ni wa wakazi wa London. Mama Mkubwa aliliona hilo kuwa utovu wa adabu.

Mke wa mdogo wangu alitaka la wazi hata baada ya siku ya 26. Nikamwambia aende na Mama Mkubwa, wakae juu, wasishuke. Walirudi saa kumi na mbili jioni nyuso zimekauka kwa upepo, wamefahamiana kwa namna ambayo miaka kumi na tano ya ndoa haikuwa imewafahamisha. Watoto na baba yao walibaki nami, tukapanda treni ya DLR mpaka Greenwich, isiyo na chumba cha dereva, hivyo mtoto anakaa mbele kabisa na reli zinamjia. Hiyo nayo hugharimu nauli ya treni tu.

Wiki iliyopita binamu alinitumia ujumbe. Anapitia Heathrow akielekea Toronto, ana saa tisa kati ya ndege na ndege, viza yake inamruhusu kutoka uwanjani. Je, anunue tiketi ya basi la wazi? Nilimwambia hapana bila kuzunguka. Toa saa moja ya uhamiaji, saa mbili za kwenda na kurudi, saa tatu za kuwahi ndege, zimebaki tatu, na mzunguko mmoja ukikwama barabara ya Piccadilly unazimaliza zote huku huwezi kumwambia dereva akate kona. Achukue treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly, ambayo ni ya polepole lakini nafuu zaidi kutoka uwanjani kuliko treni ya Elizabeth, na nafuu mno kuliko Heathrow Express. Ashuke Green Park, apande 9 kuelekea Aldwych, akae juu mbele. Akifika Trafalgar Square ateremke, achukue 26 la kwenda Victoria likampitishe Whitehall na Bunge. Victoria kuna treni ya chini ya ardhi, kituo kimoja tu kurudi Green Park. Na mkoba wake mkubwa auache uwanjani, kwenye stoo ya mizigo. Juu ya jekundu hakuna pa kuuweka.